Ukuta wa Mama

Jumamosi, 4 Mei

Wamekuja. Magari mawili, masanduku ya taa, nyaya zimelala sebuleni mpaka chini ya kiti cha Mama. Nyumba yetu haijajaa watu hivi tangu msiba wa Baba.

Haya yote ni ya mdogo wangu. Aliomba kwenye kile kipindi cha televisheni bila kuniambia — wale wanaokarabati nyumba ya mtu bure, halafu mwishoni mwenye nyumba analia. Wakamchagua. Tangu apigiwe simu anatembea kifua mbele, nimeanza kumwita Mheshimiwa. Lakini siwezi kusema hatuhitaji. Paa linavuja, vigae vya bafuni vinabanduka, na mimi kwa kuuza dawa dukani sitalimaliza paa hilo mpaka nistaafu. Nikakubali, shingo upande.

Msanifu majengo wao ni kijana, miwani mikubwa, viatu vyeupe. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, kwa hilo nimempa maksi. Akafika kwenye korido, akapitisha kidole ukutani, kwenye mstari wa Mama. Akasema hapa pamechakaa kweli. Mheshimiwa akacheka kwa aibu, eti tulikuwa na mpango wa kupaka rangi.

Pamechakaa! Ule ni mkono wa Mama. Tangu macho yake yazime anatembea nyumba nzima kwa mgongo wa mkono wa kulia. Anatoka chumbani, anaupata ukuta wa korido, mlango wa kwanza bafu, wa pili jiko, ukuta ukiisha ndiyo sebule. Hamwombi mtu. Anajichemshia chai mwenyewe, anakwenda chooni mwenyewe, akisikia mgeni anafungua mlango mwenyewe. Rangi imelika pale, kimo cha nyonga, ukuta unang'aa. Nilimweleza msanifu yote hayo, taratibu, kama ninavyomweleza mgonjwa dawa. Akaitikia kwa kichwa. Nimelala nikiamini ameelewa.

Jumanne, 7 Mei

Michoro imeletwa. Korido hakuna.

Nilidhani nimeshika karatasi vibaya. Nikaigeuza. Hakuna! Jiko, sebule na meza ya chakula vyote pamoja, ukumbi mmoja kama wa harusi, na dirisha la kutoka sakafuni mpaka juu. Msanifu anaeleza huku mikono inapaa. Eti korido inakula nyumba. Eti tunaishi gizani.

Nikamwambia Mama yuko gizani tayari, hiyo korido ndiyo inayomtoa. Akasema pakiwa wazi hakuna cha kujikwaa. Yaani amekaa ofisini, amefikiri, akapata hilo. Mtu asiyeona hatafuti uwazi, kijana. Anatafuta kitu cha kushika. Ukimweka katikati ya ukumbi umemweka katikati ya uwanja wa mpira. Nilimpa vidonge vyake vyote, asubuhi, mchana na jioni.

Na hapo nilipokuwa nimepandwa na hasira kweli, mwongozaji wa kipindi akasema tusubiri kidogo. Ni dada mmoja mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Taa ilikuwa inaniangaza vibaya. Je, ninaweza kukasirika tena, kuanzia pale pa Mama yuko gizani?

Nikakasirika tena. Akasema nimepoa. Mara ya tatu nilikuwa namkasirikia yeye. Akasema safi sana.

Mheshimiwa alinivuta jikoni akaniambia nisiwatilie watu mchanga kwenye kitumbua. Nikamwuliza ni kitumbua cha nani. Akaanza kujipangusa jasho kwa ajili ya kamera.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimejifunza kazi yao. Kila nyumba, anasema mwongozaji, mwenye nyumba anarekodiwa majibu mawili. Anakataa, halafu anakubali. Mhariri anachagua baadaye, kutegemea hadithi itakavyokwenda. Ni picha tu.

Nikakaa kwenye kochi. Kwanza: hapana, ukuta haubomolewi. Hilo nililisema kwa moyo wote. Wakanipaka poda kwenye paji la uso, wakanigeuza kidogo. Halafu: sawa, nimekuelewa, bomoa. Mwongozaji akaomba nitabasamu mwishoni. Nikatabasamu.

Mama akauliza kutoka chumbani tunabomoa nini. Nikamwambia hakuna, Mama, tunaigiza. Akacheka, akasema kumbe ana binti mwigizaji na hajaambiwa.

Kamera zilipozimwa nilimfuata msanifu nje. Nikamwambia ana kwa ana: ukuta unabaki. Akasema amenisikia.

Jumatatu, 20 Mei

Tumehamishiwa nyumba ya wageni. Nyumba yetu ni yao mpaka siku ya kufunguliwa, hata kuchungulia hatutakiwi. Ndivyo tulivyotia sahihi.

Mama hapa si Mama. Kitanda kiko katikati ya chumba, kabati limekaa pembeni ovyo, na mlango wa kabati haufungi. Jana umempiga usoni. Akasema si kitu, akaufunga kwa upole kama vile ni yeye aliyeukosea. Akitaka kwenda chooni ananiita, na akiniita anaanza na samahani. Mama yangu, kuniomba mimi samahani ili aende chooni! Nikiwa kazini anajizuia mpaka nirudi. Nimelijua hilo leo na limeniuma mno.

Anauliza nyumbani lini. Namwambia karibu, Mama.

Ijumaa, 24 Mei

Wamebomoa.

Nilipita tu. Nilijiambia napita dukani kwa mshona viatu, lakini nani nilikuwa namdanganya. Nje ya geti kuna rundo la kifusi. Matofali, mbao, beseni letu la zamani. Na juu kabisa, kipande cha plasta ya njano, upana wa sahani, katikati kinang'aa.

Nilikishika. Laini vile vile.

Mlinzi akaniambia hairuhusiwi, mama, sogea. Nikasogea na kipande changu mkononi. Nimekifunga kwenye kanga, kiko chini ya nguo. Mama yuko pale kitandani anasikiliza redio na mimi siwezi kufungua mdomo. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumatatu, 27 Mei

Nimekwenda ofisini kwa msanifu. Sikubisha hodi.

Nilisema yote. Nilisema alinisikia kwa masikio yake, nje, hakuna kamera, nilimwambia ukuta unabaki. Ametia pamba? Ameniona mjinga? Mama amefanywa nini, mapambo? Akaniacha nimalize. Halafu akachukua simu yake akanionyesha.

Mimi. Kwenye kochi. Poda kwenye paji la uso. Sawa, nimekuelewa, bomoa. Na lile tabasamu.

Anasema mwongozaji alimletea siku ya pili yake, akamwambia nimebadili mawazo. Akasema, "Nilifurahi sana, dada. Nilijua mwishowe utakubali." Na uso wake ulikuwa wa mtu mkweli kabisa, hilo ndilo lililonimaliza. Ningempata mwongo ningemtafuna. Huyu alifurahi! Nikamwuliza kwa nini hakunipigia simu hata mara moja. Akasema aliogopa nitabadili tena.

Basi alijua. Sehemu yake ndogo ilijua.

Hasira zangu nyingine sikuzimwaga pale, maana ni za kwangu. Nani alinituma nitabasamu?

Nilipoinuka akanishika mkono. Anasema ukuta haurudi, mihimili ya paa imeshapangwa upya. Lakini anakula kiapo Mama hatapotea. Atamwekea njia yake mwenyewe, kutoka mlango wa mbele mpaka kitandani. Njia gani? Hasemi, ataharibu siku ya kufunguliwa. Nikamwambia iwe ya kushika. Akasema, "Niamini, dada. Nimeifikiria sana."

Mlangoni nikakutana na mwongozaji na mpiga picha wake wanahema. Waliambiwa nimekuja na hasira. Akauliza kama tunaweza kuirudia.

Nilimtazama tu. Nadhani walipiga picha hata hilo.

Alhamisi, 6 Juni

Mimi na Mheshimiwa tumegombana uani, kwa sauti za chini ili Mama asisikie. Nasema yeye ndiye amwambie Mama habari za ukuta. Anasema hapana, ni mimi, maana mimi ndiye mkubwa. Mimi nilitabasamu, yeye aliomba. Tumezunguka hapo hapo mpaka tukachoka.

Anasema Mama atazoea. Nikamwambia afumbe macho, atoke pale alipo mpaka bombani, halafu aniambie habari za kuzoea. Akafumba kweli. Hatua chache akaingia kwenye kamba ya nguo, shuka mbichi usoni. Sikucheka. Yeye naye hakucheka. Akasimama na shuka lile usoni akasema alitaka Mama akae mahali pazuri angalau mara moja kabla hajafa. Basi.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali. Yameniishia.

Hatujamwambia. Mama ameshafunga mzigo wake, umekaa mlangoni tangu jana. Anasema akifika tu anataka chai yake mwenyewe, ya kwangu ina maji mengi.

Ninaishikilia ile njia ya msanifu. Labda ni bomba la kushika kando kando. Labda kamba nene. Hata kamba ingetosha.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika bafuni. Nimejifungia. Ndipo mahali pekee ambapo hawakuweka kamera.

Nianze mlangoni. Tumepangwa nje, tukafungwa vitambaa machoni ili tusione mpaka tuambiwe. Mimi, Mheshimiwa. Mwongozaji akasema na Mama pia.

Nikasema Mama haoni. Akasema anajua, lakini picha ikae sawa, wote watatu. Nilifungua mdomo, Mama akanitangulia. "Mnifunge macho mimi? Kwani mnaogopa nitachungulia?" Wakacheka wote, mpaka mpiga picha. Akainamisha kichwa wakamfunga. Kitambaa chekundu. Siku nitakayosahau fundo lile nyuma ya kichwa cha Mama sijui ni lini.

Mlango ukafunguliwa. Mama akaachia mkono wangu. Hivyo ndivyo anavyofanya siku zote akifika kizingitini, anakuachia, maana yuko kwake. Nikasikia kandambili zake, hatua moja, mbili. Zikasimama.

"Hapa kwa nani?"

Mtu akanong'ona hisia nzuri, msimguse.

"Jamani, hapa mmenileta kwa nani?"

Sauti ya msanifu ikatoka karibu, inatetemeka kwa furaha. "Nyumbani kwako, Mama. Nimekuwekea njia yako."

"Iko wapi, baba?"

"Umesimama juu yake."

Nikararua kitambaa. Ukumbi mweupe, mwanga mpaka unaumiza. Na sakafuni, kutoka mlangoni, vigae vya bluu nzito vimepangwa upana wa mtu, vinapinda vizuri kando ya kochi, vinakwenda mpaka chumba cha Mama. Vigae vizuri. Sijaona kazi nzuri hivyo. Vimelingana na vile vyeupe, hakuna kinachozidi hata kwa unywele. Rangi tu. Amemwekea Mama yangu njia ya rangi.

Mama akavua kandambili moja, akapapasa kwa mguu, kulia, kushoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado uko hewani. Akasema, "Hapa pana sakafu tu."

Nilimwona msanifu anapotambua. Uso ulimshuka wote. Alitazama vigae vyake, akamtazama Mama na kitambaa chake chekundu, akatazama vigae. Miwani mikubwa vile na hakuwa ameona. Mheshimiwa aligeukia palipokuwa na ukuta — alikuwa anatafuta ukuta — akalia, na kamera ikamkimbilia.

Mwongozaji akasema vizuri sana, tunarudia kuanzia mlangoni. Akamwendea Mama, akamwambia kwa ile sauti ya kubembeleza, safari hii Mama aseme amefurahi. Au aseme yote mawili, kwamba amefurahi na kwamba hajafurahi, mhariri atachagua.

Nikamwambia neno ambalo sitaliandika hapa, hata kama hakuna atakayesoma. Nikachukua mkoba nikaingia humu. Mkoba una kipande cha plasta. Nilikuja nacho, sijui kwa nini. Kiko kwenye sinki jipya sasa, kinaonekana kama uchafu.

Wanagonga mlango. Ni msanifu.

Anasema, "Dada, Mama amenishika. Haniachii." Anasema Mama anamsimamisha upande wake wa kulia, anamwekea mgongo wa mkono kwenye mbavu, anamwambia asiondoke, atembee naye polepole. Anataka kujua afanyeje. Naandika tu. Afanye hivyo hivyo, awe ukuta.

Wanakwenda. Nasikia kandambili za Mama, na soksi za msanifu zinateleza kwenye vigae. Wanarudi mlangoni, wanaanza upya. Mama anataja kwa sauti, "Hapa bafu."

Msanifu anasema siyo, Mama, hapo hakuna kitu.

"Hapa jiko."

Siyo, Mama.

"Basi bafu liko wapi, mwanangu? Nataka kwenda chooni."

Bafu limehamia upande wa pili wa nyumba, ndimo nilimo.

Nimevua kiatu. Nagonga nacho ukuta, kwa ndani, ili asikie liliko. Kandambili zimesimama. Mwongozaji anauliza nani huyo anayegonga, sauti inaingia, anaharibu. Sasa hana sauti ya kubembeleza.

Nagonga tena. Kandambili zimegeuka upande huu.