Kozi Niliyoiacha kwa Ajili ya Krismasi

Mbeya

Mdogo wangu mpendwa Anjela,

Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wa mama unaendeleaje, na kahawa mmeshamaliza kuchuma? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ila nikiamka asubuhi bado nautafuta mlima dirishani, naona ukuta wa jirani. Nimewakumbuka mno, mpaka naona aibu kusema.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umeshaiona ratiba ya chuo chenu cha Morogoro, na utachagua kozi zinazomaliza mitihani mapema ili upande Old Moshi kabla ya Krismasi. Takwimu utaisogeza mwakani. Nilipousoma nikachukua kalamu. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Mwaka wangu wa kwanza, sisi wa Kilimanjaro tulikaa bwenini tukapanga kozi kwa kuiangalia Desemba. Mchagga gani atafanya mtihani wakati mbuzi ameshafungwa nyumbani? Tulicheka sana. Kwa wenzangu Takwimu ilikuwa ya kuchagua. Kwangu ilikuwa ya lazima, na sikumuuliza mtu, nikaiacha. Nikaja nyumbani, mama akanipikia mtori wa ndizi na nyama, babu akanipa pombe ya mbege mbele ya wajomba. Sijaona Krismasi tamu kama ile. Mwaka wa pili nikaambiwa bila Takwimu siruhusiwi kusajili kozi mbili, na hizo mbili ndizo zinazofungua za mwaka wa tatu.

Kwa hiyo sijahitimu, Anjela. Ile kazi ya muda niliyomwambia mama haipo. Bado niko darasani na watoto wa juzi, wananiita bro kwa heshima. Krismasi mbili sikuja kwa sababu mama angetaka kuona picha ya joho.

Basi nisikilize. Ukifika chuoni, kabla hujagusa kompyuta, chukua orodha ya kozi za lazima za programu yako, si ya rafiki yako, umpelekee mshauri wa masomo. Usione haya kuuliza, mimi niliona haya. Dirisha la usajili likifungwa, hata ulie halifunguki. Ukishasajili, rudi uhakikishe jina lako limeingia kwenye kila kozi, na karatasi ya usajili uitunze. Za kuchagua ziwe mwisho. Takwimu isajili sasa, hata kama mtihani utakukuta Morogoro siku wenzako wanafunga mizigo. Najua ninachokuomba. Mama atakaa mezani Krismasi bila hata mmoja wetu, maana nami nina mtihani, na hilo linaniuma kuliko miaka niliyopoteza.

Mpe babu shikamoo yangu. Shangazi wa Pasua, yule muuza vitenge, mwambie simsahau hata kwa maneno yake makali. Wajomba wote wasalimie.

Mama usimwambie kitu. Jumapili mkitoka misa nitapiga, mpe simu yako, kisha ukae karibu naye. Nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi kaka yako anayekupenda,
Prosper