Blanketi la Shemeji Sello

Jumatatu, 18 Septemba 2017

Nimefika Johannesburg jana. Kichwa hakijatulia. Mchana jua kali, jioni baridi ya kuuma mifupa, na nyumba zote za mtaa huu wa Kensington zina nyaya za umeme juu ya ukuta. Majirani wanasalimianaje? Nimesimama getini nusu asubuhi, sikumwona hata mmoja.

Mdogo wangu Suzan amezeeka. Sikulitarajia hilo, ingawa umri wake naujua kuliko ninavyoujua wangu.

Niandike waziwazi hapa, kwa kuwa kwa mdomo bado: nimekuja kumchukua. Alimfuata mumewe Sello huku mwaka 1992, wakimbizi wa siasa waliporudi kwao kutoka Morogoro. Sasa Sello amefariki, mwaka umepita, na watoto ni watu wazima. Kiwanja cha mama kule Matombo kinamngoja. Sisi Waluguru mtu ni wa kwa mama yake, akiwa hai na akifa. Mjomba alinisindikiza stendi akasema nisirudi peke yangu.

Wakati wa chakula nikamwuliza atarudi nyumbani lini. Akasema kwanza nitembee, nione mji. Jumamosi kuna shughuli ya Sello, baada ya hapo tutazungumza.

"Shughuli gani?"

"Ya jiwe, dada. Utaona."

Jiwe! Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Jumanne, 19 Septemba

Matembezi peke yangu. Suzan yuko dukani kwake, anauza sare za shule. Clinton, mwanawe wa mwisho, alinipandisha basi jekundu la watalii lisilo na paa. "Sharp, mama mkubwa?" Akainua dole gumba. Hakuna shikamoo. Nikainua langu pia — ningefanya nini?

Unavaa vidude masikioni, vinakueleza mji. Nilibonyeza vibaya, nikaelezwa Johannesburg yote kwa Kijerumani. Tulipopita Braamfontein nikasikia kijana akiita kwa Kiswahili, "Oya, nisubiri!" Nilipogeuka, roboti (ndivyo wanavyoziita taa za barabarani) ilikuwa imeturuhusu.

Nimepanda jengo la ghorofa hamsini. Kwa juu nikaona vilima vya manjano, vimenyooka kama vimekatwa kwa kisu. Nikamwuliza mhudumu ni milima gani. Akacheka. Ni mchanga wa migodini, uliotupwa baada ya dhahabu kutolewa. Basi nimetoka kwenye milima ya Uluguru kuja kutazama taka.

Jumatano, 20 Septemba

Katikati ya mji. Benki ya zamani imekuwa kanisa, na ndani ya chumba cha kuhifadhia fedha watu wanaimba mapambio. Karibu na mlango dada mmoja Mkongo, msusi, akaniita: "Mama, uje nikusuke! Utarudia jeune, kijana kabisa, bwana atakukimbilia!" Nikamwambia bwana alikwishatangulia mbele ya haki. "Basi mwingine!" Wasusi wote wakacheka. Nami nilicheka, nikakaza uso nikiwa nimechelewa.

Jioni nikamkumbusha Suzan habari ya nyumbani. Nikamwambia migomba ya mama imezaa. Akasema vizuri sana. Akaenda kupima pazia.

Pazia! Ameagiza mapazia mapya. Mtu anayehama haagizi mapazia. Au ni ya shughuli? Sielewi.

Alhamisi, 21 Septemba

Leo nilitakiwa kwenda makumbusho. Sikwenda.

Nimekaa mji huu siku zote hizi sijamsalimia marehemu. Mgeni gani huyo? Kwetu ningeanzia kaburini, kabla hata ya maji ya kunywa. Nikamwambia dereva wa teksi abadili njia, anipeleke makaburini.

Mlinzi wa makaburini anaitwa Évariste, mtu wa Bukavu. Aliposikia Kiswahili na jina la shemeji alivua kofia. "Pole, mama yangu. Ile mustari ya tatu, pembeni ya muti mukubwa." Sikumsahihisha. Alikuwa na huruma, na huruma ilitosha.

Nikalikuta kaburi. Jiwe jipya, refu, limezungushiwa blanketi zito la mistari na kufungwa kamba! Nikajua mafundi walilifunga hivyo lisikwaruzike njiani, wakaliacha hivyo hivyo wakaenda zao, kama friji lililotoka dukani. Shemeji yangu amekaa hapo kama mzigo wa stendi! Nikafungua kamba. Nikakung'uta vumbi, nikalikunja blanketi vizuri, nikaliweka miguuni pake. Nikasali. Halafu nikavaa miwani.

SELLO MOTAUNG. Mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Chini yake, kwa herufi zile zile: SUZAN. 1954, kisha kistari. Baada ya kistari jiwe ni laini tupu.

Nilisoma tena na tena kama mtoto wa darasa la kwanza. Mtu yuko hai, ana duka, ameagiza mapazia — na jina lake liko makaburini! Nani aliruhusu? Yeye mwenyewe?

Évariste alinisindikiza mpaka kwenye gari.

Suzan alipika ndizi kwa nyama. Akauliza makumbusho yalikuwaje. Nikasema nimeona mengi.

Ijumaa, 22 Septemba

Asubuhi alipiga simu Ntate Molefi, yaani Mzee Molefi, kaka mkubwa wa marehemu. Kisotho na Kiingereza kwa pamoja. Suzan akakaa chini taratibu, simu sikioni.

Clinton ndiye aliyenieleza jikoni. "Mama mkubwa, mtu ametoa blanketi kwa jiwe. Eish. Si nzuri."

Sasa nimeelewa, na heri nisingeelewa. Jiwe likisimamishwa hufunikwa. Hubaki limefunikwa mpaka siku ambayo ukoo mzima umekusanyika, ndipo wakubwa hulifunua kwa sala. Kabla ya hapo hapana anayelisoma. Shughuli ya kesho ni hiyo! Wengine wanasema ni adui, wengine wanataka iahirishwe, na wageni wa jimbo la Free State wako njiani. Ntate Molefi amekwenda kumhoji mlinzi.

Ningesema palepale. Mdomo ulifunguka. Lakini nikisema nilifunua, nimesema nilisoma. Nikisema nilisoma, itabidi Suzan anijibu leo, naye aliniomba nisubiri Jumamosi ipite. Nami mwalimu, niliyewasimamisha watoto wa watu mbele ya darasa waseme kosa lao! Nikachukua kabichi nikakata.

Mchana uani walijaa wanawake, masufuria makubwa, viazi, bitiruti. Wakaniita "sister wa Suzan" wakanipa kiti kizuri. Suzan akasema jambo kwa Kisotho, wakaangua kicheko, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Sikulielewa neno hata moja. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo Matombo.

Jumamosi, 23 Septemba

Nimevaa. Magari yamejaa mtaani. Shughuli ipo. Ntate Molefi amesema mlinzi hakumwona mtu yeyote.

Évariste! Alinifungulia mlango wa gari kwa mkono wake. Sielewi.

Suzan ameingia sasa hivi, blanketi mkononi. Akaliweka kitandani kwangu bila kulikunjua.

"Walilikuta limekunjwa hivi," akasema.

Pembe zimeingizwa ndani, kisha limekunjwa mara tatu, kisha mara mbili. Mama alitufundisha kwa mashuka ya misheni, na aliyekosea alianza upya.

Suzan hakuuliza. Akasema Clinton atatutanguliza, tulifunike jiwe sisi wawili kabla watu hawajafika. Kisha mbele ya wote upande wa mume utashika pembe moja, upande wa mke nyingine. "Upande wangu ni wewe, dada. Sina mwingine."

Nikasikia sauti yangu ikiuliza: "Mjomba nitamwambia nini?"

Akakaa kitandani. Akaanza kulikunjua blanketi, nami nikashika upande wangu, sijui kwa nini. Mkono umezoea. Akafungua mdomo —

Clinton akapiga honi. Suzan ametoka kumnyamazisha. Upande wake ameuacha sakafuni. Wangu uko mapajani, ninaandika juu yake. Honi imenyamaza. Anarudi, nasikia viatu