Eda ya Nyumba Tupu

Mama Odile mpendwa, nisaidie upesi, maana nimemuua kaka yangu kwa mdomo wangu, na yeye ni mzima kabisa, anajenga nyumba za watu huko Lubutu na wanasema amenenepa.

Mambo yalianza siku mpiga mbiu wa shefu wa cité, yaani mtaa wetu, alipopita sokoni hapa Kindu akitangaza amri, kwamba nyumba yoyote isiyolala mtu, majani yakiota uani, mwenyewe atanyang'anywa na itapewa mwingine, kwa sababu makarani wapya wa reli wamejaa na hawana pa kulala, nami moyo ukanipasuka, maana nyumba aliyotujengea marehemu baba, ambayo sasa ni ya kaka yangu Assani, iko tupu tangu yeye na mke wake waende Lubutu kwa kazi yake ya uashi, na ufunguo aliniachia mimi. Mimi sikai humo. Mume wangu aliponiacha nilirudi kwa shangazi, huu ni mwaka wa pili sasa, tunalala mkeka mmoja na watoto wake, kwani shangazi anasema mwanamke akikaa peke yake cité nzima itamtia mdomoni.

Basi nikajifanya mjanja. Kila alasiri nikawa naenda kufagia ua na kuwasha moto jikoni ili moshi uonekane, na kwa kuwa kuchoma kuni bure ni dhambi nikawa napika huko huko, sombe, majani ya mihogo yenye mawese, na wali wa Kibombo, nakula polepole kizingitini, hakuna wa kunigombeza, halafu nafunga mlango narudi kulala kwa shangazi.

Siku moja niko ndani nakunja nguo nikasikia hodi. Alikuwa Bulaimu, polisi wa cité anayekagua nyumba, mtu wa swala tano, aliyefiwa na mke wake zamani.

"Humu muko muntu?" akauliza nyuma ya pazia.

Mama Odile, sijui ni shetani gani aliyenishika ulimi. Nikajibu kwa sauti ya kilio, "Usiingie, baba. Mi niko mu eda."

"Eda? Muume wako njo nani?"

"Assani."

"Assani alikufa kule Lubutu? Innalillahi! Pole sana, mama. Amri ya shefu iko, lakini ya Mungu njo inapita. Mi siingie."

Akaondoka. Nikafurahi nusu saa tu, maana jioni ile ile habari ilishafika kila mlango kwamba wifi yangu amerudi mjane na amejifungia eda. Majirani zetu wengi ni Wakristu wa reli, eda hawaijui, wanaogopa kuvunja mwiko wa watu, basi wanaacha sahani kizingitini, kuku, mihogo, samaki wa Lualaba, na wakinikuta nje wananiambia, "Mumupe pole wifi yako," nami nasema asante. Shangazi anajua ni uongo. Alinyamaza kwa ajili ya nyumba, na nusu ya kila sahani nampelekea.

Kama mambo yangeishia hapo nisingekuandikia, lakini Bulaimu amezoea kupita. Anakaa nje ya pazia, ananihadithia mambo ya kazi yake, jinsi alivyokuta mbuzi watatu katika nyumba ambayo mwenyewe aliapa kuna wapangaji, na juzi nikacheka, Mama Odile, nikacheka kwa sauti, mjane gani huyo? Akasema, "Mama, mi siseme neno, eda njo eda. Lakini siku ikitimia, ujue kuko muntu anangojea." Usiku ule sikusinzia, na haikuwa kwa hofu peke yake.

Sasa eda inaisha wiki ijayo. Shefu amesema mjane atoke, aende mbele yake aandikwe mwenye nyumba, asipoonekana basi nyumba haina mtu na itapewa karani. Na Assani naye ametuma neno kwa dereva wa lori kwamba anakuja na mke wake kutusalimu! Nikimbilie Kailo? Au nimvike shangazi kaniki ya ujane atoke yeye? Nyumba ya baba ikipotea kwa ulimi wangu, nitaweka wapi uso?

Ni mimi, Dada wa Marehemu Mzima, Kindu.

Mama Odile anajibu:

Dada wa Marehemu Mzima, kwanza mwache shangazi yako alipo. Kaniki haitamfaa.

Mimi ni Mkristu, basi nilimpelekea barua yako jirani yangu Jamila, aliyekaa eda ya kweli. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akakasirika, na hasira yake nakuletea nzima nzima. Eda ni haki ya marehemu, si pazia la kujificha polisi. Watu wamemlilia kaka yako na kujinyima kuku wao wenyewe ili wewe ule. Huoni haya? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mlangoni kwa shefu.

Na tazama ulivyojifunga mwenyewe. Ulitaka nyumba isikose mtu, ukamfisha mwenye nyumba! Karani asingeweza kuomba zawadi nzuri zaidi.

Sasa nisikilize vizuri. Mpiga mbiu alitaka nini? Mtu wa kulala ndani. Hakusema mwanamume, hakusema mjane. Ufunguo unao, ua unafagia, moto unawasha, na mahali pekee unapokula kwa raha ni pale kizingitini. Kilichobaki ni kulala tu, nawe unakwenda kulala kwenye mkeka wa watoto wa watu kwa kuogopa midomo. Mwanangu, mtu aliyekula nusu ya sahani za msiba hana haki ya kukufundisha aibu.

Leo hii hamisha nguo zako na ulale kwa baba yako. Kesho mtafute Bulaimu kabla shefu hajakutafuta wewe, mweleze yote, mkae uani watu wakiwaona, usilie na usijitetee. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike, kisha muombe akupeleke kwa shefu ukaseme kweli: mwenye nyumba yu hai, na mtunzaji ni wewe dada yake. Kama kuna adhabu, ipokee. Lori la Assani likifika, asipande kwanza kitandani kupumzika, aende moja kwa moja mbele ya shefu akaonyeshe pumzi yake, na huko huko atamke kwamba nyumba unakaa wewe.

Sahani za majirani hazirudi tupu, hilo hata mtoto analijua. Pika, jaza, zungusha nyumba kwa nyumba, na kila mlango uombe radhi. Watakusema mwezi mzima na watacheka mwaka mzima. Utaishi.

Na Bulaimu? Unajifanya huniulizi, lakini nimekusoma. Yule mjane hayupo wala hakuwahi kuwapo. Aliyemsikiliza ni wewe, na sombe aliyoinusa ni yako. Eda ya talaka yako iliisha zamani. Hasira zake zikipoa, atapita tena, maana kazi yake ni kukagua nyumba. Siku hiyo funga pazia juu, kaa kizingitini, na akikuuliza kama humu muko muntu, umujibu: "Niko."