Madereva Wanauliza Kifua Changu Kabla ya Kushika Barabara ya Beni

Mpendwa Mama Kavuo,

Ninakuomba msaada, na ninakuomba pia usitaje jina langu, andika tu mama mmoja wa Kimemi, mtaa wetu hapa Butembo, kwa sababu mambo haya yakijulikana sijui nitapita wapi siku ya misa.

Mimi ni Mkatoliki, nimeolewa na Maliro, mnunuzi wa kakao anayekwenda Mbau, mbele ya Beni, mara mbili kwa wiki, na mimi ni muombezi katika kundi letu la maombi, siyo kiongozi, kiongozi tunamwita berger, jina lake Eliezer, mtu mzuri mwenye sauti kubwa. Tangu zamani Maliro akisafiri kifua changu hubana, nilikuwa nimezoea, nafanya kazi zangu tu. Mwaka jana asubuhi moja alikuwa amekwisha kufunga viatu, nafasi yake kwenye gari imeshikwa, kifua kikabana kuliko siku zote, moyo ukapiga kama mtu anatwanga majani ya sombe, mikono baridi, pumzi haifiki chini, nikamshika koti nikamwambia usiende, akakasirika, tukagombana mpaka majirani wakasikia, lakini akabaki, na gari lile likavamiwa na wenye bunduki kabla ya kufika Mbau na watu wawili hawakurudi. Mmoja wao alikuwa bwana wa Emérence, mwanamke wa kundi letu la maombi, naye alikuwa ameketi pale pa Maliro, maana nafasi ilipobaki wazi dereva aliita mtu mwingine pale parkingi, na huyo ndiye aliyepanda.

Jumapili iliyofuata Eliezer alinisimamisha mbele ya wote akasema Mungu amenipa karama ya kujua barabara. Watu walilia, na mimi nililia, na kusema kweli nilifurahi. Tangu siku hiyo madereva wanakuja kwangu kabla jua halijapanda, Wakatoliki, Waprotestanti, hata Musafiri ambaye ni Muislamu na huswali kwanza ndipo apite kwangu, anasimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Mama, jambo. Kifua iko namna gani leo?"

"Iko inabana kidogo."

"Kidogo namna gani? Kidogo ya kufika Beni, ao kidogo ya kurudia hapa Butembo?"

Mimi najibu, Mama Kavuo, sijui natoa wapi jibu, lakini najibu, na wananiachia kuku, au mafuta ya mawese, na yule anayetoka Kayna huniletea viazi.

Basi siku moja ya Jumanne kifua kilinyamaza kabisa, nikamwambia Musafiri aende, na kwenye kona moja gari lake likapinduka, akavunjika mkono, Mungu alimlinda asife. Jioni Eliezer alikuja na kamati nzima ya kundi wakaketi kwangu sebuleni.

"Mama, kuko zambi unaficha," akasema. "Réseau, kama ya simu, imekatika kati yako na Bwana. Funga siku tatu, itarudia."

Nikafunga siku tatu bila chakula, kahawa tu ndiyo iliruhusiwa, kwa sababu kamati ilisema kahawa haitafunwi, na siku ya tatu moyo ulianza kupiga mpaka nikaanguka karibu na jiko, na wao wakaimba kwamba karama imerudi. Maliro hakuimba. Alinipeleka kituo cha afya, na psychologue wa pale, kijana mpole, alinisikiliza saa nzima, halafu akasema, "Mama, hii hapana unabii. Hii ni wasiwasi, ni ugonjwa kama zingine, na iko na matunzo. Urudie kila wiki, nitakufundisha kupumua, na docteur ataona kama unahitaji dawa." Sijarudi. Ninaogopa kwamba nikipona, kifua kitanyamaza, na watu wataingia barabarani bila mtu wa kuwaonya, na damu yao itakuwa juu yangu, na tena kupokea dawa si ni kusema kwamba imani yangu haitoshi?

Na sasa binti yangu Julie, aliyeolewa Beni, atazaa mtoto wa kwanza wiki ijayo. Unajua desturi yetu, uzazi wa kwanza mama ndiye huenda, anamshika binti, anamwosha mtoto, anampikia binti uji wa bouillie. Asubuhi sita nimefunga mzigo na asubuhi sita nimeufungua, kifua kinakataa. Jana alinipigia simu kutoka wodi ya wazazi, anakongojea siku yake, akasema, "Mama, banamuke bote huku maternité beko na mama yabo. Miye niko na telefone." Akakata.

Kuna jambo la mwisho, sikutaka kuliandika. Mwezi uliopita, tukitoka katika maombi, Emérence alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ile siku, kifua ilikuambia juu ya Maliro peke yake?" Nikachomoa mkono nikaondoka. Tangu hapo ninakaa kwenye benchi la mbele ili nisimwone.

Niambie, je, nikubali kutunzwa au nilinde karama? Na Beni niende, au nisikilize kifua?

Mama mmoja wa Kimemi

*

Mama wa Kimemi,

Jina lako sitalitaja, ingawa sijui tunamficha nani. Mwanamke ambaye madereva wanapanga mstari mlangoni pake kila asubuhi hahitaji kufichwa, anahitaji kibao cha ofisi na saa za kazi.

Kwanza nikupongeze. Barabara hii imewashinda wakubwa wa kila rangi, wenye bunduki na wenye magari meupe ya mashirika, wamefanya semina juu yake wakala na sandwich. Kumbe jibu lilikuwa Kimemi, kifuani mwa mama mmoja, na bei yake ni kuku.

Sasa tusome barua yako pamoja, maana naona uliiandika bila kuisoma. Moyo ulipiga siku ya Maliro, mkasema ni Mungu. Ukanyamaza siku ya Musafiri, mkasema ni dhambi. Ukapiga tena baada ya siku tatu bila chakula na termosi za kahawa, mkasema ni Mungu amerudi. Mama, nifungie na mimi siku tatu na kahawa hiyo, nitakutabiria barabara zote mpaka Kisangani. Na huyo berger wenu Eliezer mpe salamu zangu. Mwambie Mungu hatumii réseau, kwa hiyo haikatiki, na mtu anayeanguka karibu na jiko anapewa maji na mkate kabla ya kupewa wimbo.

Imani yako haitoshi, unasema. Haya. Nabii Eliya aliogopa, akakimbia, akalala chini ya mti akaomba kufa. Malaika alipofika hakumuuliza dhambi gani anaficha. Alimpa mkate wa moto na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Na Bwana wetu mwenyewe kule bustanini alihuzunika mpaka jasho likamwagika, na hakuna mtume hata mmoja aliyesimama pembeni na funguo mkononi kumuuliza barabara ya Yeriko iko namna gani leo. Hofu yake ilikuwa hofu. Aliisema kwa Baba yake jinsi ilivyo, na aliwaomba rafiki zake wakeshe naye. Ukitaka kujua Mkristo hufanya nini moyo unapopiga mbio, ni hivyo: anamwambia Mungu "ninaogopa", na anatafuta mtu wa kukaa naye. Yule psychologue mpole aliyekusikiliza saa nzima, ulifikiri nani alimtuma? Tangu lini Mungu anakatazwa kupita kituo cha afya?

Usifikiri ninakucheka kwa sababu unaogopa. Mimi pia ninaishi hapa. Nina watu wangu kwenye barabara hiyo hiyo, na simu ikilia asubuhi sana sipendi kuitazama. Hofu yako haikutoka hewani, na atakayekuambia uiache kwa siku moja tu mwambie akapande gari la Mbau yeye kwanza. Lakini hofu kuwa na sababu ni jambo moja, na hofu kujua saa ni jambo lingine. Kifua chako kinajua kwamba barabara ni mbaya. Hiyo hata kuku wako wanajua. Ni lini na kwenye kona ipi, hakijui, na hakijawahi kujua.

Na mimi nitakugombeza kidogo, maana hukuniandikia ili nikupake mafuta. Umezoea kuulizwa. Uliandika mwenyewe kwamba ulifurahi, na mimi ninakushukuru kwa ukweli huo, kwa sababu ndio dawa ya kwanza umekunywa. Mwanamke ambaye miaka yote alikuwa mama wa nyuma katika kundi, ghafla madereva wanamwamkia wakiwa wamesimama. Ni tamu, naelewa. Lakini Musafiri amevunjika mkono kwa jibu ulilotoa bila kujua umelitoa wapi, na bado unafungua mlango. Aibu hiyo uisikie vizuri, halafu uimalize, usiifanye nayo karama.

Tufike sasa pale ulipotaka nisifike. Umeniuliza mambo mawili makubwa, karama na safari, na lile la kweli ukaliweka mwisho, ukasema hukutaka kuliandika. Emérence alikuuliza kama kifua kilikuambia juu ya Maliro peke yake. Mwaka mzima unawaonya madereva wa mji mzima kwa sababu asubuhi ile hukumwonya bwana wake. Ndiyo maana hutaki kutunzwa. Unaona kwamba siku utakayonyamaza, utabaki peke yako na swali lile.

Mama, rudi juu kwenye barua yako. Uliandika haraka haraka, kama mtu anayepita kando ya msiba, kwamba tangu zamani Maliro akisafiri kifua hubana. Kila safari, mara mbili kwa wiki, miaka yote hiyo, na alikuwa anarudi na kakao yake na mavumbi yake, mnakula. Asubuhi ile kifua kilifanya kazi yake ya kila siku, kilizidi kidogo tu, na wewe ukamshika mtu koti. Hukupewa ujumbe wowote ukaubania kwa mume wako. Hapakuwa na ujumbe. Ulikuwa mgonjwa, na uliogopa, na ulimpenda mume wako. Ukikubali maneno ya psychologue utapoteza karama, ni kweli, lakini pamoja nayo utapoteza na damu ile unayojipaka mikononi kila asubuhi. Sijui kama umeona jambo hilo. Mimi nililia nilipoliona.

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo, kabla ya kula, utakwenda kwa Emérence. Usiende na Eliezer, usiende na wimbo, na hasa usimwambie kwamba Mungu alikuwa na mpango, maana akikupiga kofi nitakuwa upande wake. Mwambie: kifua changu kilikuwa kinabana kila siku, sikujua kitu, ningejua ningepiga kelele parkingi nzima. Mwambie umemkimbia mwezi mzima na unaomba radhi kwa hilo. Akilia, kaa. Akikufukuza, ondoka, na kesho urudi na chakula.

Kesho asubuhi madereva watakuja. Wajibu mara moja, mlango ukiwa nusu wazi: "Niko mugonjwa, niko naenda kutunzwa. Muulize ile batu banatoka Beni." Habari za barabara zinajulikana na wanaotoka barabarani. Wana simu, wana wenzao, wanaulizana kwenye kila barrière ya ukaguzi. Siku wenyewe wakisema njia imefungwa, na wewe utangoja siku inayofuata ndipo usafiri, na hiyo inaitwa akili, haihitaji karama. Viazi vya Kayna ukiletewa tena, mpelekee Musafiri.

Halafu urudi kwa psychologue. Kila wiki, siyo siku moja ukatangaza umepona. Kula. Kahawa kikombe kimoja, na kamati ikileta habari ya kufunga uwaambie docteur amekataza, na kama hajakataza mimi nimekataza. Sali kila siku, lakini sali kama mtoto anayezungumza na baba yake, siyo kama mtu anayengoja taarifa ya habari.

Na Beni utakwenda wiki hii. Siyo baada ya kupona, usinichezee, kupona kutachukua miezi na mtoto hangojei. Kifua kitabana utakapopanda gari na kitabana kwenye kila kona, hilo nakuambia sasa ili usilifanye unabii. Kiache kibane. Kiketi nawe kwenye kiti, hesabu pumzi jinsi yule psychologue atakavyokufundisha, shika rozari mkono ukitaka kazi. Utafika umelowa jasho, umeona aibu mbele ya abiria. Julie hataona lolote kati ya hayo. Mwanamke aliye katika uchungu hapimi kama mama yake amefika kwa ujasiri au kwa hofu. Anatazama mlango tu, aone kama amefika.

Mama Kavuo