Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumatano, 9 Juni.

Mpendwa mwanangu Mrefu,

Hujambo baba? Kifua kimepona, au bado unakohoa na baridi ya huko? Sisi tu wazima. Barua yako tumeipata. Usiache kazi! Mji haujaisha watu. Hao waliokuambia hivyo wana midomo mirefu tu.

Ila sitakuficha: mama yako aliugua kipindupindu. Alilazwa siku sita, akapona, daktari akamruhusu kurudi. Tuliogopa kukuandikia, nisamehe.

Aliporudi kwenye cherehani yake, wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, havijashonwa, wakivishika kwa ncha za vidole. Nesi alipita mtaani akaeleza: chemsheni maji, naweni kwa sabuni, na mtu aliyepona hamwambukizi mtu kwa nguo anayoshona. Waliitikia vizuri, kisha wakaenda zao na vitambaa vyao.

Niliwasema wote, mdomo wangu unaujua. Halafu nikaingia jikoni, nikafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe cha mama yako, nisije nikakikosea. Aliuona. Alikiosha kikombe, akakitundika mbali na vingine. Mwanangu, nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Kesho yake niliukata ule uzi. Nikaitoa cherehani nje, mtaa mzima unatazama, nikamwambia, "Wifi, nipime gauni." Akanizungushia utepe kiunoni, akausoma, akapaza sauti: "Ala! Watu wanaugua, wewe unanenepa?"

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Jioni akaleta suruali yake ipunguzwe. Jana wamekuja wengine watatu. Maji tunachemsha, mikono tunanawa, na chai tunakunywa kwa kikombe chochote kilicho karibu.

Gauni langu limekwisha. Vifungo vyote kavishonea uzi mweupe, isipokuwa cha juu kabisa: mwekundu. Nilipouona nililia kama mtoto. Mama yako akanikemea nisimlowanishie kitambaa.

Babu yako anakusalimu, na dada yako pia. Mama anasema usije mbio. Njoo likizo akupime shati, maana huko lazima umekonda.

Mungu akufunike popote ulalapo.

Wako akupendaye, mwenye gauni jipya,
Shangazi