Matanga ya Aliye Hai

Bujumbura, Jumatano

Kwa mutoto wangu wa kwanza Adélaïde, kule Kigoma,

Salamu zangu zikufikie wewe, bwana yako, na wale wajukuu ninaowajua kwa foto tu. Kifua chako kinasemaje? Yule mudogo ameacha kukojoa kitandani? Kama bado, usimupige. Mudogo wako Elysée alikojoa mpaka alipoanza kusoma, na leo ni pasteri. Mimi mama yako ni muzima. Ninapumua, ninakula, magoti ndiyo yananisumbua mvua ikinyesha. Neno hilo la kwamba ni muzima ulifunge kwenye ncha ya kitenge chako, juu utalihitaji huko mbele.

Anayeandika ni Mwantum, jirani yangu, muke wa Sulemani fundi wa magari. Nimemuambia asipambe kitu, na pahali nitakapotukana aandike tukano. Moja amekataa tayari. Barua itabebwa na Hamimu, kaka yake, anayeenda Kigoma na mizigo. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu inakatika, na mutu akilia kwenye simu anamaliza bure unité alizolipia. Mambo haya nataka uyashike mukononi.

Unakumbuka tulivyomushukuru Mungu mudogo wako alipoanza huduma ya watoto, ile aliyoiita Kundi Dogo. Alikodi kiwanja nyuma ya madepo, yale maghala ya Quartier Industriel, akapiga mabati, watoto wakaja: wa Wakongomani wenzetu, na wa Warundi waliofukuzwa na maji ya mafuriko kule Gatumba. Asubuhi ni wimbo na Neno la Mungu, halafu uji. Saa sita ni maharagwe. Dévote, muke wake, anafundisha kusoma, na mi niko kwa sufuria. Mikono yangu haijui kalamu lakini mwiko inaujua, nikasema Bwana asante, hata mi umenipa huduma. Watoto wananiita Koko, bibi yao. Elysée na Dévote, wageni wakiwapo, wananiita Mama Mupishi. Nilifikiri ni heshima ya kazini, kama vile daktari anavyoitwa daktari hata na muke wake.

Sasa sikia uchafu.

Mwezi uliopita mvua iliingia stoki, kile chumba cha chakula, nikahamisha vitu visilowe. Nyuma ya magunia ya maharagwe nikakuta gunia la nguo za watoto, zote zimepasuka, nyingine hata makalio hayafunikwi. Nikasema maskini, Dévote amekosa nafasi ya kuzishona. Nikakaa na sindano yangu juma zima, macho yakitoa maji, nikatia viraka, nikafua, nikaanika. Nilikuwa na furaha kama kuku aliyeona mchwa. Dévote alipofika akaona kamba imejaa robe za wasichana nzima nzima, alishika kichwa. Akaniuliza nani amenituma. Akasema zile ni nguo za siku ya wageni, na ile robe ya manjano niliyoifunga bega ndiyo iliyokuwa inafanya kazi kuliko zote.

Nikamuuliza, robe inafanya kazi gani? Akaniambia wageni wa ng'ambo wakija na kamera, wakikuta watoto wana viatu na nguo nzuri, watasema hapa hakuna shida, watapeleka roho zao na pesa zao kwingine. Basi siku hiyo watoto wanavuliwa viatu, vinafungiwa stoki, na gunia linafunguliwa. Adélaïde, yule binti alichukua wembe mbele yangu akakata viraka vyangu kimoja kimoja, kwa uangalifu, kama mutu anayechambua mchele. Nilitema mate chini. Akaniambia, Mama, hapo watoto wanakaa. Nikamuambia ndiyo maana nimetema, nionyeshe pahali pachafu kuliko hapa nikateme huko.

Lakini nguo ni nguo. Kilichonitoa haja ya kula ni ushuhuda.

Wewe unajua ushuhuda kwetu ni kitu gani. Mutu anasimama kanisani, anasema Mungu amemutendea nini, watu wanaitika amina. Hakuna anayeapa, juu kusimama kwenyewe ni kiapo. Sasa nikiwa ninachagua maharagwe nikamusikia Elysée, kwa ile sauti yake ya kuhubiri, anamufundisha kamutoto Fabiola, ka miaka sita, kenye meno mawili ya mbele yameng'oka. Kanasema: Naitwa Fabiola, mama yangu alichukuliwa na maji ya Gatumba, sasa Yesu ndiye mama yangu. Elysée anakarekebisha. Anakaambia likifika neno maji, nyamaza kidogo, tazama chini, halafu endelea. Kamutoto kakafanya. Akakapa bonbon kalambe.

Adélaïde, mama ya Fabiola ni Mawazo! Mawazo wa Kajaga, yule anayeuza ndagala, mwenye sauti ya kupasua kopo. Maji yalimuchukulia nyumba na godoro, yeye mwenyewe yalimuacha. Jumatatu ile alikuwa ameniletea samaki, tumecheka mpaka akashika mbavu.

Nikamufuata Elysée. Nikamuuliza, Mawazo alikufa lini, na kwa nini mi nilichukuliwa na usingizi siku ya matanga? Alicheka kidogo, akaona sicheki. Akanieleza kwa upole, kama mutu anayemulisha mugonjwa. Kwamba Mungu anatazama moyo. Kwamba kuna yatima wa kweli na kuna yatima wa hali, na Mawazo akiwa maskini vile ni kama hayupo. Kwamba bila ushuhuda sufuria yangu itakuwa tupu, na je, watoto wanakula au hawakuli? Nikasema wanakula. Akasema basi. Nikamuambia mutoto anayefundishwa kumuzika mama yake kwa bonbon, huyo hakuli, analiwa. Akaniambia, Mama, umezeeka, Jumamosi wageni wanakuja, tafadhali kaa jikoni usitoke kusalimia. Nilifikiri anaona haya miguu yangu iliyopasuka. Nikarudi kwa sufuria yangu.

Nilinyamaza kwa mdomo tu. Kwetu mutu akifa kuna njia moja: watu wanakaa matanga. Ukisema fulani amekufa na usimulilie, wewe ni mchawi. Basi Ijumaa nikapanda gari mpaka Kajaga, nikamukuta Mawazo kwenye sinia lake la ndagala, nikamuambia vaa vizuri kesho, uje kwenye matanga yako. Alicheka. Nikamueleza. Akaacha kucheka, akajishika mikono yake yote miwili, hapa juu, kama mutu anayehakikisha kwamba bado yupo. Akasema yeye aliambiwa neno moja tu, kwamba siku za wageni wazazi wasipite, watoto wanavurugika. Alitii. Alifikiri ni mambo ya masomo. Halafu akamwaga sinia zima mchangani, na zilikuwa ndagala nzuri, zimekauka vizuri.

Jumamosi mapema nikafagia kiwanja, nikawasha moto wa magogo, nikatandika mukeka katikati, pale pale wageni wanaposhukia. Nikalegeza kitambaa kichwani, nikanyoosha miguu yangu iliyopasuka. Wa kwanza kufika alikuwa huyu Mwantum na birika lake la chai. Akasema inna lillahi, akakaa, akanikumbatia, ndipo akauliza nani amekufa. Nikamuonyesha Mawazo, ndiye huyo anayekuja na kitenge cha bluu. Mwantum alisema astaghfirullah, lakini hakuondoka. Wakaja na wamama wengine, wa kanisa na wa sokoni, na kila anayefika anamupa Mawazo pole kwa kufiwa na Mawazo. Mmoja akamuambia, marehemu alikuwa mutu mzuri, ila alikuwa anapunja kipimo. Mawazo akajibu kwamba marehemu asisingiziwe, hajazikwa bado.

Tulikuwa tunacheka na kulia pamoja gari la wageni lilipoingia, Elysée akiwa ndani yake. Dévote, aliyekuwa stoki anawavalisha watoto nguo za gunia, akatoka mbio, akaona mukeka, moto, wanawake wamekaa chini. Akaniuliza kwa meno yaliyofungwa, Mama Mupishi, hii ni nini? Nikamuambia tunamulilia mama ya Fabiola, kama mulivyotangaza. Akawageukia wageni akasema kwa kizungu chao kitu kirefu, na wao wakafunga macho. Nadhani aliwaambia tunaomba.

Yeye na Elysée wakawapanga watoto. Fabiola akasukumwa mbele na ile robe ya manjano, bega nje. Kakaanza vizuri. Naitwa Fabiola, mama yangu alichukuliwa na maji. Kakanyamaza kidogo kama kalivyofundishwa, kakatazama chini. Kalipoinua macho kakamuona mama yake kwenye mukeka. Adélaïde, hakuna mufasiri aliyehitajika. Kalikimbia, kakamurukia kifuani mpaka Mawazo akaanguka chali, na bado kanauliza, Mama, maji yamekuachilia?

Hapo sikucheka tena. Mutoto alikuwa ameanza kuamini.

Katika wageni kulikuwa na bibi mumoja wa nywele nyeupe. Kumbe zamani aliwahi kukaa Bukavu, Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. Akaja akapiga magoti mbele yangu, akaniuliza nani amekufa. Nikamuonyesha Mawazo. Alielewa polepole, uso ukaiva. Halafu akauliza, na wewe mama, wewe ni nani? Nikamuambia mi ni M'Birindwa, mama ya pasteri.

Alitingisha kichwa. Akasema apana, mama ya pasteri alikufa. Alikufa mutoni, akimuvusha mutoto wakati wa vita, mutoto akaokotwa ukingoni peke yake. Ndiyo maana pasteri anapenda yatima. Akaniambia kwao, kanisani kwao, walisikia ushuhuda ule mpaka wanaume walilia, na kila mwaka wanawasha mushumaa kwa ajili ya mama yule.

Mutoto wangu, soma pole pole. Mushumaa ule ni wangu.

Wewe ulikuwapo. Ulikuwa umeshika ncha ya kitenge changu, unajua. Nilimuvusha muto Rusizi mugongoni, maji kifuani, akanikojolea mugongo mzima, nikafurahi kwa lile joto, juu nilijua yuko hai. Sikufa. Nilitoka upande huu nikakamua kitenge, nikamunyonyesha. Na yeye akanitosa mutoni akiwa mutu muzima, amevaa suti, mbele ya watu wenye macho ya bluu. Ndiyo maana nilikuwa Mama Mupishi. Maiti haisalimii wageni.

Nilimutafuta kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake. Yeye siku ile viatu vyake havikufungiwa stoki.

Sikumulaani. Nilinyanyuka mahali pa mufiwa, nikaenda nikalala katikati ya mukeka, mahali pa maiti, mikono kifuani, nikamuambia Mwantum anifunike. Wanawake walipiga kelele mpaka walinzi wa depo wakaja. Mwantum akanivuta mukono, akasema amka, mauti hayachezewi. Nikamuambia mwambie yule, ndiye aliyeanza.

Wageni waliondoka bila kupiga foto hata moja. Mawazo alimubeba mutoto wake mpaka Kajaga. Ile robe aliyovuliwa Fabiola niliitia kwenye moto wa matanga, ikatoa moshi mbaya.

Usifikiri wote wananishukuru. Kuna mama mmoja alinijia Jumapili akaniambia Koko, umevunja sahani yetu, aibu yako inashibisha nani? Maharagwe yamepungua, mafuta hakuna. Lakini Mawazo ameleta ndagala, mwingine ameleta muhogo, na jana wamama watatu waliketi nami kuchambua mboga ya lengalenga, kila mumoja akimuita mutoto wake kwa jina mbele ya watu. Sufuria inachemka. Inachemka kidogo, lakini ni ya kweli.

Na mi bado niko kwenye mukeka. Nimesema sitoki mpaka matanga yaondolewe kwa desturi, na desturi unaijua: anayetangaza kifo ndiye anasimama mbele ya watu wote aeleze marehemu alikufa kwa nini, na mutoto wa kwanza ndiye anakunja mukeka. Jumapili inayokuja Elysée atasimama mbele ya watoto wale wale aliowafundisha, aseme, mama yangu ni huyu. Na yule bibi wa nywele nyeupe ameniahidi atakuwapo. Wewe njoo ukunje mukeka. Ukichelewa ukakuta magoti haya yamenimaliza, basi kweli nitakuwa nimekufa, na Elysée hatakuwa na mama wa kuwaonyesha watu.

Nikuambie na hili, halafu nimuachilie Mwantum, mukono umemuuma. Siku tatu Elysée hakuonekana. Leo mchana alikuja, amekonda, akavua viatu, akaketi pembeni ya mukeka wanapokaa wafiwa. Dévote alisimama mlangoni, hakuingia. Nilimutazama mpaka nikachoka. Nilikuwa na kinyaa naye, na kinyaa hicho bado kipo. Lakini mutoto alikuwa na njaa, nilimuona kwa namna alivyomeza mate. Nikajaza sahani, nikamupa. Maiti ndiye aliyemulisha mufiwa.

Alikula vijiko viwili. Bila kuinua kichwa akasema, Mama, chumvi haitoshi.

Mama. Siyo Mama Mupishi. Mwantum alisikia, ni shahidi. Nikamuambia chumvi iko, nimeificha, nitaitia Jumapili, ukishasimama mbele ya watu.

Wasalimie wote nyumbani. Mubusu yule mudogo hata kama amelowa. Ukija uniletee chumvi ya Uvinza, ile ya mawe, tutaihitaji.

Ni mimi niliyekuzaa, nisiye marehemu,

M'Birindwa
(kidole gumba changu hapo chini)