Ini Lililotulia

Dada Mwende,

Hujambo huko Machakos? Hapa Garissa hata maji ya mtungini yana moto, lakini si joto lililoninyima usingizi. Jana mfugaji wa ngamia kutoka Elwak, mwanamume mwenye nguvu zake, alikuja kwenye maabara yetu ya hospitali kumchangia damu mkewe aliyelazwa. Nikaipima. Homa ya ini, aina ya B! Akacheka, akanionyesha makovu mikononi ya kuchomwa kwa chuma cha moto, tiba ya kwao ya macho ya manjano.

"Wallahi daktari, hii ugonjwa tulichoma zamani. Imeisha."

Haikuisha, dada! Daktari wetu anasema seli za ini zikikuzwa kwenye chombo, zikiwa bado zinakua na kugawanyika, virusi hivi huwa vichache. Zikishajaa na kutulia, ndipo vinapozaana. Mimi nilidhani ugonjwa hupenda vurugu, kumbe huu hupenda utulivu!

Unakumbuka macho ya Mama yalivyogeuka manjano, akapata nafuu, tukachinja mbuzi? Mkumbatie kwa niaba yangu, kisha mpeleke akapimwe. Nawe upimwe, maana mama huweza kumwambukiza mtoto anapomzaa. Damu yangu nimeshaitoa. Chupa iko hapa mbele yangu, na bado sijathubutu kuipima.

Mdogo wako akupendaye,
Kioko